Kuku, Ambia Huyo Mtu

Lori nililokuwa nikiendesha lilipokufa, mwenyewe hakuwa na la kunipa ila springi zake. Lilikuwa lori la mbuzi, la kutoka Tseikuru kwenda sokoni, na barabara ile ilikuwa imelivunja springi mara nyingi hivi kwamba nyuma ya nyumba ya tajiri wangu kulikuwa na rundo la vyuma lililonifika kiunoni. Tajiri huyo alikuwa Muislamu wa kutoka kaskazini mashariki, mtu mpole asiyejua kumfuta mtu kazi. Aliniita tukanywa chai, akaongea habari za mvua na nyasi mpaka chai ikapoa, kisha akaniambia nizichukue zile springi, kwa kuwa zilikuwa zimenitesa vya kutosha. Nikazichukua. Sikujua nitazifanyia nini, ila sikutaka kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mke wangu ndiye aliyejua. Baba yake alikuwa mhunzi upande wa Kathonzweni, huko Makueni, na enzi zake watu walikuwa wakitoka hadi Mbumbuni kuja kutafuta majembe yake. Sasa alikuwa amezeeka, wanawe wote wako Nairobi wanauza simu, na karakana yake ilikuwa inafanya kazi leo na kulala wiki nzima. Twende ukajifunze, mke wangu akasema. Nikamwambia mwanamume hahamii kwa wakwe. Akaniuliza kama mwanamume hula springi. Tukahama.

Madereva wenzangu walinicheka bila huruma. Kwetu Ukambani mwanamume akihamia kwa wakwe hupewa majina, na mimi nilipewa yangu kabla hata sijapakia godoro. Mmoja alinishauri nijifunze kuteka maji na kuchambua ndengu kabisa ili nisije nikafukuzwa. Nina hasira za karibu, nakiri, na nilimjibu vibaya. Lakini njiani nilijikuta nikifikiria kwamba ndengu najua kuzichambua, na kwamba huenda ikasaidia.

Mzee alinipokea vizuri. Alizipapasa springi zangu moja moja, akazigonga kwa nyundo ndogo huku ameinamisha sikio, akasema hiki ndicho chuma, si zile takataka za vitanda na mageti ambazo watu humletea siku hizi. Kisha akaniwekea sharti papo hapo, mbele ya mke wangu. Jembe la mama mkwe wangu lilikuwa limelika mpaka likabaki kama kijiko. Kabla ya mvua, kikundi cha mwethya, yaani majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu, kingekuja kumchimbia matuta shambani, na kwenye mwethya kila mtu huja na jembe lake. Nikimfulia mama jembe litakalochimba siku hiyo nzima bila kupinda wala kupasuka, karakana ni yangu. Nikishindwa, fuawe, lile bonge la ekseli ya tingatinga analofulia juu yake, linakwenda na gari la skrepu.

"Mimi siachii moto mtu ambaye jembe lake linapinda," akasema.

Niliitaka karakana ile. Niseme wazi, niliitaka kuliko nilivyowahi kulitaka lori. Sababu ya kwanza ilikuwa tumbo: dereva wa umri wangu, gari lake likifa, haajiriwi na yeyote. Sababu ya pili ilikuja siku ya kwanza niliponyanyua nyundo. Kipande cha springi, kile kile kilichowahi kunilaza porini kati ya mbuzi wanaopiga kelele usiku kucha, kilitoka motoni kimeiva, nikakipiga, kikasogea. Kikanitii. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, na mzee akaniuliza ninacheka nini, nikakipiga tena.

Shida ilikuwa mama mkwe.

Hatukuwa tumegombana. Kugombana kungekuwa nafuu, kwa sababu watu waliogombana huongea. Shida ilikuwa nthoni, ile heshima yetu iliyochanganyika na haya, ambayo humweka mama mkwe mbali na mkwewe wa kiume. Siku hizi wengi wameiacha, na nimeona vijana wakiwakumbatia mama wakwe zao na kupiga nao picha. Wangu hakuwa wa kupigwa picha. Tukikutana njiani, yeye aliingia kichakani upande huu na mimi upande ule, tukasubiri kila mmoja apite, na kuna wakati tulisubiriana mpaka mtu wa tatu akapita akatushangaa wote wawili. Sukari nikimletea, naiweka juu ya jiwe lililo karibu na mlango wa jikoni, narudi nyuma, ndipo anatoka kuichukua. Kitu hakitoki mkononi mwangu kikaingia mkononi mwake. Hata kanisani, mchungaji akisema tusalimiane na tulio karibu, yeye aliyekuwa benchi la mbele aligeukia ukuta, na mimi wa benchi la nyuma nikatoka nje kukohoa. Mchungaji alishahubiri kwamba hayo ni mambo ya zamani. Mama mkwe aliitikia amina kwa sauti kubwa, akatokea mlango wa pembeni.

Akiwa na ujumbe kwangu na hakuna mtu karibu, alimtuma kuku. Alikuwa na tetea mwekundu aliyezoea kutaga ndani ya kikapu cha makaa pale karakanani. Mama alisimama nyuma ya ghala, akaupa uwanja mgongo, akasema, "Kuku, ambia huyo mtu chai iko kwa jiwe." Nami nikamshukuru kuku.

Sasa, karakana yenyewe ilikuwa chumba kidogo cha mabati, giza makusudi ili moto uonekane vizuri. Kulikuwa na shimo la makaa, na pembeni gurudumu la baiskeli lililofungwa mkanda wa kuzungusha feni ya kupuliza moto. Kwa miaka yote gurudumu lile lilikuwa likizungushwa na mama mkwe. Nilipoingia mimi, alitoka yeye. Mzee akasema haina neno, atazungusha mwenyewe na kuniambia la kufanya.

Kulinyoosha jembe nilijifunza. Mikono ilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, mke wangu akayapaka mafuta ya kupikia huku akinicheka, lakini umbo likaanza kuja: bapa, makali, shingo inayokunjwa ikazunguka mpini. Kilichonishinda ni kulipa jembe moyo. Chuma cha springi hutoka motoni kikiwa kimelegea. Lazima ukichovye makali kwenye oili chafu ya gari ili kikakamae, kisha ukisugue haraka kwa kipande cha tofali mpaka king'ae, ukiangalie joto lililobaki nyuma likirudi mbele na kuleta rangi. Rangi fulani ikifika kwenye makali, unakichovya tena, basi. Ukiwahi, jembe litapasuka kama kigae. Ukichelewa, litapinda kama sufuria ya bei rahisi.

Nilimuuliza mzee ni rangi gani. Akasema ni rangi ya chuma kilichoiva. Nikamuuliza chuma kilichoiva kina rangi gani. Akakunja uso akasema ataniambia ikifika, kazi yangu ni kushika koleo.

Alisema "sasa", nikachovya. Jembe la kwanza lilitoa mlio mdogo, ti, likapasuka pembe kabla sijalitia mpini. Mzee akalaumu makaa. La pili alichelewa kusema "sasa", nikalijaribu kwenye ardhi ya nyuma ya choo, ambayo wakati wa kiangazi haina tofauti na lami, likajikunja ncha na kunitazama. Mzee akalaumu upepo. La tatu likapasuka, akalaumu barabara ya Tseikuru kwamba ilikuwa imezichosha springi. Hapo nikaudhika. Barabara ile nimeilaumu mimi maisha yangu yote, na sikupenda mtu mwingine aninyang'anye kazi hiyo.

Na kila baada ya siku chache gari la skrepu lilipita barabarani na kipaza sauti chake, likiimba chuma kikuukuu, betri mbovu, sufuria zilizotoboka. Mzee akisikia, aliacha kuzungusha, akaweka mkono juu ya fuawe mpaka lipite.

Siku moja nilitumwa kutafuta makaa, nikakosa, nikarudi mapema kuliko nilivyotarajiwa. Nikiwa bado njiani nikasikia nyundo. Haikuwa nyundo ya mtu anayebahatisha. Nikanyata, nikachungulia kwenye tundu la bati. Mzee alikuwa ameshika koleo, anafua kipande cha kisu, na mama mkwe alikuwa anazungusha gurudumu huku macho yake yako kwenye chuma.

"Bado," mama alikuwa akisema. "Bado. Hiyo ni majani kavu. Bado, hiyo ni asali. Ngoja. Sasa."

Mzee akachovya. Hakuwa akikitazama kile chuma hata kidogo. Uso wake ulikuwa umegeukia mlangoni, kwenye mwanga, ukisubiri neno.

Nikarudi nyuma hadi kwenye mkwaju, nikakaa chini. Kwanza nilikasirika, kwa sababu malengelenge yangu hayakuwa ya mzaha. Kisha nikacheka, nikikumbuka makaa na upepo na barabara. Kisha nikamhurumia. Mzee wa watu alikuwa haoni. Pengine mwanga na giza aliviona, umbo la ng'ombe aliliona, lakini zile rangi ndogo zinazotembea juu ya chuma zilikuwa zimemtoka zamani, na nusu ya uhunzi wake ilikuwa kwenye macho ya mkewe. Mimi ndiye niliyeingia na heshima zangu nikaitoa nusu hiyo nje.

Kumwambia mzee sikuweza, ningemvunja. Kumwambia mama sikuweza, ningemwambia kupitia kuku? Nikamwambia mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa nini wanaume hukaa miezi mingi karibu na jambo bila kuliona, kisha akaingia stoo akatoka na magunia mawili ya mahindi, sindano na kamba.

Aliyashona pamoja, akayatundika kwenye waya katikati ya karakana. Upande mmoja gurudumu na kigoda, upande mwingine fuawe na mimi, na moto chini katikati, mahali ambapo gunia liliishia. Mtu wa upande ule angeona moto, chuma na ncha ya koleo. Uso wangu asingeuona, wala mimi wake. Mama yake alimweleza yote jikoni; mzee aliambiwa kwamba gunia ni la kukinga upepo aliokuwa akiulaumu. Akaligusa, akasema ndiyo, hili lilihitajika tangu mwanzo.

Basi kesho yake nikaingia, nikawasha, na gurudumu upande wa pili likaanza kuzunguka. Mzee alikaa mlangoni na fimbo yake, akitoa amri ambazo tulizitii zile zilizokuwa na maana. Nikachovya makali ya kisu, nikasugua, nikakiacha juu ya ukingo wa shimo. Kisha nyuma ya gunia sauti ikasema, "Kuku, ambia huyo mtu hiyo ni majani kavu. Asiguse."

Kuku alikuwa ndani ya kikapu chake anataga. Nikamwambia, ahsante, sijagusa.

"Kuku, ambia huyo mtu hiyo ni asali. Angoje ikuwe kama shingo ya kanga."

Nani asiyejua shingo ya kanga? Wale ndege nimewakwepa barabarani maisha yangu yote. Nikatazama, na kweli, ile rangi ya asali ikageuka zambarau, na nyuma yake ikaja buluu, ikitambaa taratibu. Kwa mara ya kwanza niliona nilichokuwa nikikitazama. Siku zilizofuata nilifundishwa hivyo, na kuku yule akawa mwalimu mkali. Kuku alisema ninapiga nyundo kama mtu anayeua panya. Kuku alisema jasho langu linadondokea oili. Siku moja kuku alisema mwana wa watu amekonda na kuna sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwenye jiwe. Visu vilitoka vizuri, tindo ikatoka vizuri. Jembe la kweli tuliliacha mpaka nipate mkono, kwa sababu springi pana iliyobaki ilikuwa moja tu.

Tulilifua jembe hilo siku moja kabla ya mwethya. Kuahirisha kusingewezekana tena, mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima. Nilifua asubuhi yote. Umbo likaja zuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza, hata mzee alipolipapasa aliguna bila kulaumu kitu. Nikalirudisha motoni. Gurudumu likazunguka kwa kasi, mama naye alikuwa na hamu, nadhani, na cheche zikaruka juu kuliko kawaida. Nikachovya makali, nikasugua kwa tofali. Rangi ya majani makavu ikaanza kuja.

Hapo ndipo gunia liliposhika moto.

Gunia kavu la Makueni haliungui, linalipuka. Lilipanda moto kutoka chini hadi kwenye waya. Kuku akatoka kikapuni kwa mayowe akampitia mzee kichwani. Mzee akavua kofia akaanza kulipiga gunia, na kwa kuwa haoni vizuri, alinipiga mimi zaidi. Moshi ukanijaa machoni. Mwanga wa moto ulifanya kila kitu kiwe cha njano: koleo njano, mikono njano, jembe njano. Rangi zangu zote zikapotea. Nilikuwa nimeshika springi ya mwisho, karakana yote, na sioni.

Gunia likaanguka. Ng'ambo ya shimo, hatua chache kutoka kwangu, alikuwa amesimama mama mkwe wangu.

Mlango ulikuwa nyuma yake. Heshima ilimtaka akimbie, na nilimwona akijiziba uso kwa leso na kugeuka nusu. Kuku alikuwa amekwisha kufika kwa jirani. Mzee alikuwa akiuliza ni rangi gani, ni rangi gani, akisahau kwamba yeye ndiye wa kusema. Nikafumba macho yaliyokuwa yakinitoka machozi. Kuyafumbua hakukuwa na faida.

"Bado," mama akasema.

Hakusema ambia mtu. Nikakaza koleo.

"Bado. Asali. Usisikie huyo mzee, ngoja. Inakuja, inakuja." Kisha, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto wake kutoka mtoni, "Sasa, mwanangu. Tia!"

Nikachovya. Oili ikachemka, ikatulia. Nilipoweza kufumbua macho, kigoda kilikuwa kitupu.

Mzee alikaa chini na kofia yake iliyoungua. Akaniambia kwamba hata yeye aliiona ile rangi, alikuwa tu akitupima kama tunaiona. Nikamwambia naamini.

Jioni ile mama hakutoka jikoni. Nililiweka jembe juu ya jiwe, likachukuliwa nilipogeuka. Mke wangu alisema mama yake hataki kuongea na mtu yeyote, hata kuku. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Jembe likipinda nitapoteza karakana, hilo nilikuwa nimelizoea. Lakini sasa niliona kwamba linaweza likachimba vizuri na bado nikawa nimempoteza mwalimu, kwa kumfanya mama mzima avunje haya yake mbele ya moto. Na bila yeye karakana ingekuwa chumba cha mabati tu.

Mwethya wakaja asubuhi wakiimba, majembe mabegani. Nilikaa mbali, upande wa wanaume, nikichimba bila kuona ninapochimba, masikio yangu yote yakiwa kwake. Mama alikuwa wa kwanza kwenye mstari wa wanawake. Alichimba sehemu ya udongo mwekundu, ile ngumu. Jembe lake nililijua kwa mlio. Kisha ukaja mlio mwingine, mkali, wa jembe na jiwe, na wanawake wakaacha kuimba. Mama akalinyanyua, akapitisha kidole gumba kwenye makali kutoka pembe hadi pembe. Wimbo ukaanza tena, yeye ndiye aliyeuanza.

Alasiri gari la skrepu likapita likiimba betri mbovu. Mzee, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa shamba, akaniita, akaniambia niende nikalisimamishe. Nikasimama pale nimeshika mpini. Kisha akasema nimpe dereva lile jembe la kijiko, la zamani, maana halina kazi tena hapa nyumbani.

Watu walipokwisha kula na kutawanyika, nilikuwa karakanani nikifagia majivu ya gunia. Nikaona kivuli mlangoni. Mama mkwe alikuwa amesimama na jembe lake. Nikafanya kama nilivyozoea: nikarudi nyuma hadi ukutani, nikatazama chini, nikamwachia nafasi aliweke sakafuni. Hakuliweka. Nikangoja. Nilipoinua macho, alikuwa amelinyoosha kwangu, mpini mbele.

"Shika," akasema. "Pigia tupa hapa kwa pembe, jiwe iliguza. Na kesho ukuje mapema."

Nikanyoosha mkono nikalipokea. Mpini ulikuwa bado na joto la viganja vyake. Kuku alikuwa amerudi kutoka kwa jirani; akapita katikati yetu, akaingia kikapuni mwake akalala. Hakuna aliyemtuma.